Pumzi Nne

Jina lake Mujinga. Ninyi wa pwani msicheke:
kwetu ni jina la mtoto aliyezaliwa
kitovu kimemzunguka shingo.
Mkaguzi wa serikali alicheka, akagonga muhuri:
"Mujinga ataandika nini cha kumtisha mtu?"
Ndivyo mchezo wa kwanza ulivyopita,
mwaka ule sukari ilipouzwa kwa kijiko Lubumbashi nzima.

Aliuandika nyuma ya karatasi za mshahara za baba yake,
myeyusha shaba, aliyekohoa kijani mpaka tukamzika.
Upande mmoja: siku za kazi, posho ya unga, makato.
Upande wa pili: mfalme asiyeonekana,
kiti tu, na watu sita wanaokifuta vumbi,
wakigombania nani afute mguu upi.
Tulicheka hadi askari wa mlangoni naye akacheka,
kisha akatazama nyuma yake.

Mimi nilikaa chini ya jukwaa, katika sanduku la mbao
lililowahi kubeba baruti za mgodi.
Kazi yangu kunong'ona: mchezaji akisahau, namkumbusha.
Miaka ishirini na miwili niliona miguu tu.
Hata leo namjua mwongo kwa vidole vya mguu wake.
Kiatu cha Mujinga cha kulia kilishonwa kwa waya wa shaba.

Mchezo wa pili ulipata mkaguzi mwingine. Hakucheka.
Alikata mistari kumi na saba kwa wino mwekundu.
Tulidhani atalia, ataomba, ataandika mingine.
Akasema: Hatuzibi pengo.
Kila mstari uliokatwa, simameni kimya kwa urefu wake.
Hesabuni pumzi.
Na wewe huko chini, unong'one bila sauti. Midomo tu.

Usiku ule mvua ilipiga mabati ya ukumbi wa parokia, Katuba,
na kila kimya kilipofika, mvua nayo ikanyamaza —
hapana, naongopa. Mvua haikujali.
Watu ndio walionyamaza. Mama mmoja, muuza makala,
akakijibu kile kimya: "Eee, ni kweli."
Kabla ya Jumapili walikuwa wamemchukua.

Kasapa, miezi kumi na minne. Hakuisimulia.
Alirudi anakula bukari kwa mkono wa kushoto,
na hakuna aliyethubutu kumwambia ni utovu wa adabu.

Sasa hili, wanaomsifu huliruka:
serikali ilipobadilika, alikubali ofisi.
Kiyoyozi, dereva, na mchezo wa sherehe
wenye bendera na kwaya ya watoto.
Ulikuwa mbaya. Tuliupigia makofi kwa mikono ya kuazima.
Kule chini sikuwa na kazi: hakuna aliyesahau kitu,
kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kukumbuka.
Mwezi wa tisa alirudi Katuba kwa miguu,
mashine yake ya kuandikia kichwani kama beseni la samaki.
"Kile kiti," akasema, "nimekikalia.
Hakina lolote. Kinawasha tu."

Baada ya hapo aliandikia nyua za watu.
Umeme ukikatika, pikipiki tatu ziliwasha taa zake,
na vijana wachimbaji wakaigiza na vumbi lao usoni,
hawakuhitaji poda.
Alipokufa, hospitali ilizuia maiti siku sita kwa deni.
Tukachanga. Muuza makala alitoa gunia.

Siku hizi wanafunzi wa chuo wanakuja na mashine za kunasa sauti.
Mzee, ile mistari iliyokatwa, unaijua?
Kumi na sita naijua. Nimewapa.
Ule wa tisa umeniponyoka. Karatasi waliila panya,
mimi nimeliwa na umri.
Wananisihi: jaribu, mzee. Nimejaribu.
Ninachokumbuka ni urefu wake.

Nawaambia wazime mashine. Kisha nasema, aa, iacheni.
Midomo inaanza kusogea yenyewe.

Moja.
Mbili.

Nje, mlima wa mavi ya shaba, na dohani isiyo na moshi.

Tatu.